Kubadilisha kanisa au shirika katikati ya msukosuko: mwongozo kwa viongozi wa Goma na jirani zake

Kila kanisa la Goma lenye umri wa miaka ishirini na zaidi lina hesabu yake ya kabla na baada. Kabla ya 17 Januari 2002, siku lava ya volkano ya Nyiragongo ilipopita katikati ya mji ikachukua kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu na sehemu ya uwanja wa ndege. Kabla ya Ebola. Kabla ya 22 Mei 2021, mlima ulipopasuka tena. Kabla ya Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia mjini. Ukiwasikiliza wazee wa kanisa utadhani kila pigo liligeuza kila kitu. Fungua daftari za komite uone: mara nyingi mweka hazina ni yule yule, ratiba ni ile ile, na uamuzi wa kujenga ukuta ulipitishwa kabla ya uamuzi wa kutunza orodha ya waumini.

Msukosuko peke yake haubadilishi kitu. Unachofanya ni kulegeza kanuni kwa majuma machache. Woga wa kumwuliza mkubwa unapungua, na watu wa chini wanajikuta wakifanya kazi bila kungoja ruhusa. Ndani ya kazi hizo zisizo na ruhusa ndimo mageuzi yalimo tayari. Kiongozi anatakiwa kuziona, kuziandika, na kuzipa mtu, pesa na kanuni kabla mazoea hayajarudi. Hatua zote hapa chini zinafuata wazo hilo. Zimeandikwa kwa wachungaji, halmashauri za parokia na waratibu wa asbl ndogo, yaani mashirika yasiyo ya faida. Mashirika makubwa ya kimataifa yana vitabu vyao.

Hatua ya kwanza: tafuteni watu, mengine yangoje

Tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya lava, amri ilitoka kwamba kartie (mitaa) kumi za Goma zihame. Watu wakashika barabara ya Sake, wengine wakaelekea Minova, wengine Rutshuru, wengine wakavuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda. Siku kama ile hakuna mageuzi ya kuzungumza. Swali ni moja: nani yuko wapi?

Gawanyeni waumini kwa avenyu (barabara za mtaani), msigawanye kwa idara. Kwaya, vijana na akina mama ni mgawanyo wa Jumapili. Siku ya kukimbia, mtu anakimbia na jirani yake. Fuateni mfano wa nyumba kumi ambao kila mtu anaujua: msimamizi mmoja, familia kumi, simu yake na simu ya jirani yake kwa ajili ya siku ambayo chaji imeisha. Kila jioni atoe hesabu ya namna tatu tu: waliopatikana, wasiopatikana, na wenye haja ya haraka kama mjamzito, mgonjwa aliyeacha dawa nyumbani au mtoto aliyepotezana na wazazi. Msiongeze safu ya nne. Fomu ndefu haijazwi barabarani.

Pamoja na watu, okoeni daftari la waumini, hati (za uhalali wa kisheria na za kiwanja), na muhuri. Pigeni picha kila ukurasa na kuzituma kwa watu wawili wanaoishi miji tofauti, mmoja hapa na mwingine Butembo au Lubumbashi. Muhuri ukibaki mfukoni mwa mtu mmoja, huyo mtu ndiye amekuwa kanisa, na ugomvi mwingi wa makanisa yetu ulianzia mfukoni humo.

Katika majuma hayo ya kwanza kuna mambo ya kujizuia kabisa. Msiuze kiwanja. Msifukuze mtu kazi wala kuajiri, isipokuwa kibarua wa siku. Msitie sahihi mkataba wa mfadhili unaovuka kipindi cha dharura. Na msitangaze maana ya msiba. Najua hili la mwisho ni gumu kwa wahubiri, kwa sababu waumini wenyewe wanakuja kuuliza: Mungu anatuambia nini, ni dhambi ya nani? Nawashauri mnyamaze. Ukishabebesha kundi fulani hatia ya lava au ya vita, huwezi tena kulikaribisha kundi hilo kwenye kikao cha mwezi wa pili, na bila hilo hakuna mageuzi, kuna ushindi wa upande mmoja tu.

Hatua ya pili: daftari la mambo ambayo hakuna aliyeyaagiza

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na kwangu ndiyo nzito kuliko zote.

Chagueni mtu mwenye masikio mazuri na mwandiko unaosomeka. Asiwe katibu wa siku zote, kwa kuwa katibu amezoea kuandika yale ambayo wakubwa wamesema. Kila siku azunguke, azungumze na watu wachache, aandike majibu ya maswali haya: Nini kimefanyika ambacho hakuna aliyeagiza? Nani amefanya? Kwa pesa ya nani? Na zamani kitu gani kilikuwa kinakizuia?

Tuseme ni kanisa la mtaa wa Katoyi, la kufikirika. Ukurasa wake unaweza kusomeka hivi:

"Jumatatu. Mama mmoja wa kwaya amegeuza chumba cha vyombo vya muziki kuwa mahali pa kunyonyeshea na kulaza watoto. Ufunguo alikuwa nao mpiga gitaa. Mchungaji hakuombwa, alikuwa bado Gisenyi.

Jumanne. Vijana wanne wa chukudu (baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo) wamepandisha bidoni za maji kutoka ziwani hadi kwa vikongwe sita wa avenyu ya juu. Gharama wanajilipia wenyewe kutoka likilimba yao, mchango wao wa zamu.

Jumatano. Dada wa hesabu amepokea sadaka kwa simu, kwenye namba yake mwenyewe, maana kanisa halina namba. Kila muamala anaupiga picha na kuuweka kwenye kundi la WhatsApp. Wametoa hata watu walio Kampala na Kinshasa ambao hatukuwa na habari zao tangu wahame."

Sasa someni ukurasa huo kama komite. Habari ya Jumatatu ni habari ya ufunguo: jengo lilikuwa na chumba kizuri kilichofungwa juma zima kwa ajili ya saa tatu za Jumapili. Ya Jumanne inaonyesha kwamba vijana mliokuwa mkiwaita "kesho ya kanisa" tayari wana pesa, mpango na uongozi wao leo. Ya Jumatano ina nguvu na hatari pamoja. Kuonyesha kila muamala ni jambo jipya na zuri sana. Kupokelea kwenye namba ya mtu binafsi, hata mwaminifu kiasi gani, ni mtego kwake na kwenu. Kwa hiyo jambo hilo litachukuliwa nusu: uwazi ubaki, namba ibadilike.

Kanisa Katoliki la Kongo limepita njia hiyo kwa kipimo kikubwa. Mwaka 1961, uhuru ukiwa bado mbichi na kila kitu kikiwa kimewategemea wamisionari, maaskofu walichagua jumuiya hai za msingi ziwe mahali pa kwanza pa maisha ya kanisa. Mwaka 1972 utawala wa Mobutu ukapiga marufuku vyama vya vijana vya makanisa, na mwaka 1974 Krismasi ikaacha kuwa siku ya mapumziko. Kikundi kinachokutana uani kwa mama fulani hakikuwa rahisi kukifunga kama unavyofunga chama. Ndiyo maana leo, Goma au Bukavu, Mkatoliki akiulizwa anasali wapi katikati ya juma atakujibu kwa jina la shirika lake la mtaani, yaani jumuiya hiyo ya msingi, na ndiyo maana pia parokia ina nafuu katika hatua ya kwanza hapo juu: orodha kwa avenyu tayari ipo.

Hatua ya tatu: tenganisheni jeraha jipya na jeraha la zamani

Chukueni karatasi kubwa, mwigawe safu tatu. Safu ya kwanza: tulichopoteza kwa sababu ya msiba. Ya pili: kilichokuwa kimeoza tangu zamani, msiba umefunua tu. Ya tatu: haja mpya inayobisha hodi ambayo hatukuwa tumejiandaa kwayo.

Kipimo cha kupanga ni swali moja: jambo hili lingekuwepo kama lava isingeshuka? Paa lililoanguka lisingekuwepo. Ni safu ya kwanza, litengenezwe, halihitaji mageuzi. Wajane ambao hawapati msaada wakati wengine wanapata walikuwepo tangu mwaka juzi. Hao ni wa safu ya pili. Angalieni msimalize nguvu zote kwenye safu ya kwanza. Ni rahisi kunaswa humo, kwa kuwa mfadhili anapenda paa: linapigwa picha, lina kibao.

Kwa safu ya pili, someni tena Matendo ya Mitume sura ya 6. Manung'uniko yalizuka Yerusalemu kwamba wajane wa Wayahudi wasemao Kiyunani wanasahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume wangeweza kukemea manung'uniko. Wangeweza kujichukulia kazi hiyo wenyewe ili waonekane wanyenyekevu. Walifanya lingine: wakaita mkutano, wakasema sifa za watu wanaohitajika, wakawaachia waumini wachague saba. Soma yale majina: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao wa Antiokia. Yote ni majina ya Kiyunani. Upande uliolalamika ndio uliokabidhiwa meza. Sijui makanisa mangapi ya kwetu yangethubutu. Kwa kawaida sisi mlalamikaji tunampa maombi, na ghala tunamwachia aliyelalamikiwa.

Kwa safu ya tatu, mfano mkubwa uko Bukavu. Oktoba 1996 hospitali ya Lemera, ambako Daktari Denis Mukwege alikuwa mganga mkuu, ilishambuliwa. Wagonjwa na wafanyakazi wakauawa. Mwaka 1999 akaanzisha hospitali ya Panzi chini ya CEPAC, jumuiya ya makanisa ya Kipentekoste. Nia ya mwanzo ilikuwa uzazi salama na upasuaji wa akina mama. Waliobisha hodi walikuwa wanawake waliobakwa kikatili na kujeruhiwa. Hospitali ingeweza kusema hiyo si kazi yake, au ingewashona na kuwarudisha nyumbani. Ikajifunza upasuaji huo. Kisha ikaona kwamba mgonjwa aliyepona mwili anarudi kwenye kijiji kinachomkataa, bila mtaji na bila haki. Basi tiba ikaunganishwa na msaada wa kisaikolojia, wa kisheria, na wa kujitegemea kiuchumi. Nobeli ya Amani ya 2018, aliyoipata Mukwege pamoja na Nadia Murad, imefanya hadithi hiyo ijulikane duniani. Mratibu wa asbl ndogo aangalie kile kilichotangulia zawadi: watu walioangalia nani anaingia mlangoni, wakabadilisha kazi yao kwa kumfuata huyo.

Hatua ya nne: kikao

Mwenye kovu usidhani kapoa. Kwa hiyo fanyeni siku mbili, msifanye moja. Siku ya kwanza ni ya kulia: majina ya waliokufa yasomwe, walionyang'anywa au kuunguliwa waseme, muombe, mrudi nyumbani. Hakuna uamuzi hata mmoja siku hiyo. Siku ya pili ije juma moja au mawili baadaye, na hiyo ndiyo ya kazi. Kwa makadirio yangu wakati mzuri ni kati ya juma la nne na la kumi. Kabla ya hapo watu bado hawajui watalala wapi. Baada ya hapo wameshazoea, na kila pendekezo linajibiwa "mbona tumeishi hivi".

Siku ya kazi ipangwe hivi:

Mwenyekiti atoke nje: mzee wa kanisa jirani, mtawa, mwalimu anayeheshimiwa. Mchungaji au mratibu akae pembeni na watu wengine, asikae meza ya mbele, na aseme wa mwisho. Si adhabu kwake. Kwetu mchungaji akishasema, mkutano umekwisha. Watakaofuata watarudia maneno yake kwa sauti tofauti.

Anayeanza ni mwandishi wa daftari. Asome kurasa zake bila maelezo. Kisha wale waliotajwa waseme, halafu akina mama, halafu vijana, halafu wazee.

Kijana hatampinga mzee hadharani, na msimlazimishe, maana mkutano ukiisha ataendelea kuishi avenyu ile ile. Gaweni vikaratasi. Kila mtu aandike jambo moja la kuacha na jambo moja la kuendelea nalo, bila jina. Asiyeandika amnong'onezee mama mmoja mliyemchagua kwa siri yake, aandike kwa niaba yake. Mwenyekiti asome vyote kwa sauti, hata vile vinavyouma.

Chai na mandazi vitolewe mwanzoni. Mtu mwenye njaa anakubali lolote ili arudi nyumbani.

Jambo moja zaidi kuhusu miji yenye silaha, na msomaji wa Goma au Bukavu anaelewa. Orodha ya mahudhurio yenye majina, namba za simu na sahihi ni hatari ikiangukia mikono isiyofaa. Hesabuni vichwa: wanawake wangapi, wanaume wangapi. Picha zipigwe za karatasi ukutani, zisipigwe za nyuso. Kama sheria ya mahali inadai taarifa kwa mkuu wa kartie, toeni taarifa. Na ajenda ibaki mambo ya ndani ya nyumba yenu.

Hatua ya tano: chagueni mawili

Kikao kizuri kitazaa mapendekezo ishirini. Chukueni mawili. Matatu kama mna nguvu sana.

Kila badiliko liwe na mtu mmoja anayelijibia (komite nzima ikijibia, hakuna anayejibia), chanzo cha pesa, tarehe ya kupimwa, na kitu kitakachoachwa ili kulipatia nafasi. Hicho cha mwisho kinasahauliwa karibu kila mara. Kumbukeni mwaka 2020. Makanisa ya Kongo yalifungwa kuanzia 19 Machi kwa ajili ya korona, yakafunguliwa 15 Agosti. Karibu miezi mitano familia zilisali nyumbani, baba aliyekuwa hajawahi kusoma Neno mbele ya watoto akasoma. Jiulizeni katika kanisa lenu: sala hiyo ya nyumbani iko wapi leo? Kama imekufa, yaelekea haikufa kwa uvivu wa watu. Ilikufa kwa sababu ratiba ilirudi nzima, Jumatatu hadi Jumapili, na hakuna aliyefuta hata kipindi kimoja. Mkitaka Jumatano iwe ya nyumbani, basi kipindi cha Jumatano kanisani kife, kwa tangazo, mbele ya watu.

Litangazeni badiliko kama majaribio ya miezi mitatu. Neno hilo linawasaidia wazee kukubali bila kuonekana wameshindwa, na linawasaidia ninyi kurudi nyuma mkikosea.

Hatua ya sita: pesa

Mwishoni mwa Januari 2025 mabenki ya Goma yalifunga milango. Asbl iliyokuwa na akiba ya mwaka mzima kwenye akaunti ikashindwa kununua hata kiroba cha unga, wakati kikundi cha akina mama chenye sanduku la kufuli tatu kiliendelea kukopeshana. Mji wote ukageukia simu. Hapo kila mmoja alijifunza kwamba njia ya pesa nayo ni sehemu ya uongozi, na inafaa kupangwa kabla ya siku mbaya.

Kwa simu, kanuni ni rahisi: anayeshika laini asijue namba ya siri, anayejua namba ya siri asishike laini. Wakutane wawili kila mara pesa inapotoka. Kama mnaweza kusajili namba kwa jina la shirika, sajilini. Kama haiwezekani, andikeni karatasi yenye sahihi za watu watatu inayosema namba hii, ingawa imesajiliwa kwa jina la fulani, ni mali ya kanisa, na akifa au akihama salio ni la kanisa. Familia ya marehemu ina haki ya kuulizia simu ya ndugu yao, na bila karatasi hiyo mtagombana msibani.

Kila Jumapili hesabu iandikwe kwa mistari minne: iliyoingia, iliyotoka, ilikwenda kwa kazi gani, iliyobaki. Mitatu ya kwanza isomeni mbele ya watu na kuibandika ukutani. Wa nne usisomwe hadharani wala kubandikwa. Kila mkazi wa Goma anajua kwa nini: karatasi inayosema kuna dola mia nne kwa mweka hazina inasomwa pia na wanaokuja usiku. Salio lisomwe kwa komite na kwa mwanachama yeyote atakayekuja kuuliza. Majina ya waliosaidiwa nayo yasibandikwe. Andikeni avenyu tu, "familia tano, avenyu fulani". Mtu aliyepokea unga hastahili kusomwa jina na watoto wa jirani.

Tenga mifuko mitatu tangu siku ya kwanza: dharura, kazi za kawaida, na akiba. Mfadhili anapoleta pesa za dharura zisichanganywe na mshahara wa mlinzi hata kwa siku mbili, kwa ahadi kwamba zitarudishwa.

Likilimba, muso (vyama vya kusaidiana) na vikundi vya akiba vya akina mama mwaviona vina nguvu wakati huo, na kishawishi kitakuja cha kuvifanya idara ya kanisa, pamoja na rais aliyeteuliwa na mchungaji. Achaneni navyo. Vinaishi kwa sababu wanachama wanaogopana na kuaminiana wao kwa wao. Kanisa linaweza kuvipa chumba cha kukutania, bure, na kunyamaza.

Kuhusu wafadhili, pesa ya msiba huja nyingi na kuondoka ghafla. Goma ina asbl ambazo zimekuwa za maji mwaka huu, za ulinzi wa watoto mwaka ujao, za kilimo mwaka unaofuata, kufuata tangazo la mradi lililotoka. Huko nako ni kubadilika, ila ni kubadilika kwa mfadhili. Dawa yake ni ukurasa mmoja uliokubaliwa na mkutano mkuu: tunafanya nini, hatufanyi nini. Na swali la kuuliza mezani kabla ya sahihi: mradi ukiisha, nani atalipa kazi hii? Kama jibu ni "tutaona", chukueni vifaa, msiajiri watu.

Hatua ya saba: liandikwe, lipigwe muhuri

Majaribio yakifaulu, badiliko liingie kwenye katiba au kanuni za ndani. Kwa asbl, sheria namba 004/2001 ya 20 Julai 2001 ndiyo inayoongoza. Marekebisho ya katiba hupitishwa na mkutano mkuu, si na mratibu na marafiki wawili jioni moja. Parokia iliyo ndani ya jumuiya ya ECC (Kanisa la Kristo Kongo, muungano wa Waprotestanti) haiwezi kujibadilishia kanuni peke yake. Ipeleke muhtasari kwa mwakilishi wa kisheria wa jumuiya, na ibaki na nakala iliyotiwa sahihi ya kupokelewa.

Wanaoona karatasi ni urasimu wakumbuke shule zetu. Mwaka 1974 serikali ilizichukua shule za makanisa. Uchumi ulipoyumba na shule zikaanza kuporomoka, serikali ilirudi kwenye meza, na makubaliano ya Februari 1977 yakaandika serikali inafanya nini na kanisa linafanya nini. Shule zilizozaliwa na karatasi ile, zile tunazoziita konvensione, zipo hadi leo, marais wamepita, vita vimepita.

Hatua ya nane: wale wanaopoteza

Hakuna badiliko lisilomnyima mtu kitu. Anayeshika ufunguo atapoteza ufunguo. Anayenunua vifaa atapoteza ile asilimia ndogo ambayo hakuna anayeitaja. Mzee aliyekuwa akisimama kutangaza matoleo atakaa. Andikeni majina yao (karatasi hii ichanwe baadaye), muwatembelee nyumbani kabla ya kikao, na mzee mwenzao. Msiwapeleke hoja; wapelekeeni heshima na ukweli: mambo yatabadilika, tunataka usikie kwetu kwanza, na kuna kazi hii nyingine tunayoomba uifanye. Wengine watakataa hata hivyo. Angalau hawatasema walidharauliwa.

Kuna pia mageuzi ya uongo ya kuyatambua. La kwanza ni kiongozi anayetumia dharura kukusanya kila mamlaka mkononi, "kwa sasa tu". La pili ni mgawanyiko unaojiita uamsho. Si kila mgawanyiko ni mbaya; Paulo na Barnaba waligombana wakaachana, na kazi ikaendelea pande mbili. Lakini kundi linaloondoka usiku na daftari la waumini, muhuri na spika za kanisa halijaleta mageuzi, limehamisha mali. La tatu ni kubadilisha jina na rangi ya kibao.

Hatua ya tisa: miezi sita baadaye

Julai 2019, mgonjwa wa kwanza wa Ebola wa Goma alithibitishwa, mchungaji aliyetoka Butembo kwa basi. Kwa miezi kadhaa mji mzima ulinawa mikono: kanisani, sokoni, mpakani, kila mlango na ndoo yake ya maji ya klorini na bomba. Nendeni mtafute ndoo ya kanisa lenu. Kama ina maji, jueni ni nani anayeijaza, na mmwulize alifanyaje mpaka asichoke. Mtu huyo anafaa kusimamia badiliko lenu jipya. Kama ndoo imewekewa mahindi, jueni hapakuwa na mtu, pesa wala tarehe.

Pima mabadiliko yenu mawili kwa namna hiyo. Msiulize watu kama wanayapenda. Angalieni chumba cha muziki kimefunguliwa Jumanne saa nne asubuhi au kimefungwa. Angalieni karatasi ya ukutani ina tarehe ya Jumapili iliyopita au ya miezi miwili nyuma. Siku moja, bila kutangaza, wapigieni simu wasimamizi wote wa nyumba kumi jioni na kuwaomba hesabu kabla ya saa mbili usiku. Wasiojibu wabadilishwe, bila ugomvi. Huenda walihama au wamechoka.

Mwisho, komite ya dharura ivunjwe. Tarehe ya kuvunjwa iandikwe siku ile ile inapoundwa, na isiongezwe zaidi ya mara moja. Siku hiyo itakabidhi laini ya simu, namba ya siri (kwa mtu mwingine tofauti), daftari la hatua ya pili, orodha za avenyu, na vifaa vilivyobaki vikiwa vimehesabiwa mbele ya mashahidi wawili. Daftari lisiwekwe kabatini kwa mchungaji. Likae kwa katibu, nakala yake iende kwa yule mtu wa Lubumbashi, na kurasa zilizobaki tupu ziachwe wazi.